Kiwanja Chenye Kona Tatu

Mheshimiwa Diwani, naomba unisamehe kwa kuvunja itifaki. Najua nilitakiwa kuanza na vyeo vyenu, lakini nikianza na vyeo nitatulia, na nikitulia nitakuwa Paskazia yuleyule mnayemfahamu, anayeangalia chini na kuondoka. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si mama yangu, si padri kwenye kitubio, si rafiki yangu Nelly ambaye huwa namwambia kila kitu. Tangu nikiwa mdogo, kila Jumapili, baba yangu akiwa amepiga magoti upande wangu wa kulia akimwomba Mungu ampe dhahabu katika duara lake, shimo lake la kuchimbia, mimi nilikuwa nimepiga magoti palepale nikimwomba Mungu asimpe.

Nimeshasema. Sasa naweza kuwasalimu.

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mwenyekiti wa kijiji chetu, Mzee Agapiti. Baba Paroko na Shehe wetu, mliokubali kukaa chini ya mwavuli mmoja. Walimu wangu mkiongozwa na Madam Ritha. Wazee wetu, mama zetu, wenye maduara, wenye karasha mliozima mashine zenu za kusaga mawe asubuhi hii ili tusikilizane. Wafugaji mliopeleka ng'ombe mbali ili wasije wakafungua kiwanja kabla ya Mheshimiwa. Vijana wenzangu wa kikundi cha kufukia mashimo. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Rwamgasa na wengine Buseresere: wakubwa zangu shikamooni, wenzangu hamjambo, na kwa lugha ya nyumbani, mwangaluka.

Mnaweza kujiuliza kwa nini kikundi cha vijana kimemtuma msichana ambaye wengi wenu hamjawahi kuisikia sauti yake. Aliyetakiwa kusimama hapa ni Boaz, nahodha wetu. Boaz alikataa. Alisema, "Mimi naongea kwa miguu. Mpeni Paskazia, kazi yake kuandika." Nikamwambia kuandika si kusoma mbele za watu. Akanijibu, "Ni kitu kilekile, ila unasimama."

Si kitu kilekile, Boaz.

Ndugu wageni waalikwa, mahali mlipokaa palikuwa na mashimo. Wageni mnaona nyasi na magoli mawili, lakini sisi wenyeji tukipaangalia bado tunaona maduara, moja baada ya jingine, yaliyochimbwa na baba zetu na kuachwa wazi pale mwamba uliponyamaza. Mvua zikinyesha yalijaa maji. Kiangazi yalikuwa midomo. Ng'ombe waliingia, mbuzi waliingia, na sisi watoto tulifundishwa kutembea hapa kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Kwa wale wasioijua desturi ya hapa, naomba nieleze. Duara ni la mtu. Hata likiachwa, hata vyura wakihamia humo na familia zao, halifukiwi kabla mwenyewe hajatupa koleo la kwanza la udongo. Kumfukia mtu duara lake bila ridhaa yake ni sawa na kumfukia yeye. Kwa hiyo kazi yetu ya kila Jumamosi, ngoma mbele na makoleo nyuma, kama babu zetu walivyolimiana mashamba kwa zamu, haikuwa kazi ya udongo peke yake. Ilikuwa kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba, kuketi, kunywa uji, kuzungumzia mvua, kuzungumzia ndama, mpaka mwenye duara mwenyewe aseme, "Haya, mmekuja kwa lile shimo langu."

Na wenye maduara walikuja. Nani kati yetu atasahau walivyokuja? Mama Nelly, aliyeachiwa duara na marehemu mumewe, alisimama pembeni yake akiwa amevaa kitenge cha kanisani, akaliambia, "Ulininyima dhahabu, lakini wote waliokuja kuchimba hapa ndio waliokuja kunizikia mume wangu. Hatudaiani." Akatupa koleo lake. Mzee mmoja alilia. Mageni naye alikodolea shimo lake macho muda mrefu, kisha akasema, "Siku ya kiama nikikuta ulikuwa nayo, mimi na wewe tutaongea." Tukacheka mpaka ngoma ikapotea njia.

Mageni, kwa kuwa umeshacheka, naomba niseme na lile la kichuguu. Mheshimiwa, udongo wa kufukia tuliutoa kwenye vichuguu vya kule bondeni. Siku moja ikazuka habari kwamba ule udongo unaonyesha dhahabu. Nani aliizusha, hatujui, ingawa tunajua. Ndugu zangu, Jumamosi iliyofuata tulikuta lundo la udongo limekwenda mwaloni, kule wanakooshea dhahabu, kuoshwa. Watu wazima, na makarai, wanaosha udongo wa kufukia mashimo waliyochimba wakitafuta kile wanachokitafuta kwenye udongo wa kuyafukia. Kilichopatikana kingepita kwenye tundu la sindano bila kugusa pande zote mbili. Tukaurudisha udongo ukiwa umelowa, tukafukia. Pale katikati ya kiwanja, mahali mpira utakapowekwa leo, pana udongo safi kuliko udongo wowote mkoani, maana umeogeshwa.

Nimewaeleza hayo ili mcheke kidogo, kwa sababu ninakoelekea si kwa kucheka sana.

Mwaka jana Madam Ritha aliingia darasani, akaandika ubaoni swali moja: tunaishi kwa ajili ya nini? Akasema kila mmoja ajibu. Charles akasimama wa kwanza, akasema, "Mimi naishi kwa sababu sijafa, Madam." Nelly akasema anaishi ili aolewe na mtu mwenye karasha mbili. Wengine walisema kwa ajili ya Mungu, wengine kwa ajili ya wazazi, na mmoja akasema kwa ajili ya Simba kuchukua kombe, akafukuzwa nje. Zamu yangu ilipofika nilijibu kwa Kiingereza kwamba sijui, nikakaa. Madam alisifu Kiingereza changu. Madam, leo nakuambia kwa nini nilijibu hivyo. Kwa Kiingereza naweza kusema jambo bila kulisikia. Kwa Kiswahili nalisikia. Na kwa Kisukuma, lugha ya nyumbani, ananisikia baba.

Jibu nililokuwa nalo siku ile lilikuwa neno moja, nililolikuta nyumbani nilipozaliwa: tukipata.

Nani hapa hajalelewa na neno hilo? Tukipata tutaezeka bati. Tukipata utapelekwa shule ya bweni. Tukipata mama ataacha kuuza michembe, vile viazi vitamu vikavu, barabarani. Tukipata tutakwenda kumwona bibi Ushirombo. Nilikuwa nikidhani maisha ni chumba kilichofungwa, na sisi tumekaa kibarazani na mizigo yetu, tunangoja baba alete ufunguo kutoka chini ya ardhi. Na wakati tukingoja, mdogo wangu Luka alizaliwa. Akaota meno. Mimi nilivunja ungo, nikafaulu mtihani wa darasa la saba, mama aliumwa na akapona, mbwa wetu alizeeka. Yote hayo yalitokea kibarazani. Ikiwa maisha yalikuwa bado hayajaanza, basi yale yalikuwa nini?

Sisemi watu wasichimbe. Mtanielewa vibaya nikisema hivyo, na nitakuwa mwongo. Wako hapa waliosomesha watoto kwa sururu. Daftari ninaloandikia lilitoka duarani, angalau nusu yake, nusu nyingine ilitoka kwenye michembe. Lakini nilikuwa na sababu ya ile sala yangu. Niliona baba za wenzangu waliopata. Niliona wakipanda basi wakiwa na viatu vipya, wakituahidi kwamba wanakwenda kutafuta nyumba ya kutuhamishia wote. Wapo watoto hapa ambao hadi leo basi likipiga honi wanageuka. Nikawaza, heri baba maskini ninayemsikia akikohoa chumba cha pili. Ndiyo maana niliomba nilivyoomba.

Sasa naomba Mheshimiwa uangalie kona ile ya kushoto, kule kwenye miiba.

Kiwanja hiki kina kona tatu. Ya nne ni duara la baba yangu, Mzee Kamili, Baba Paskazia. Kila Jumamosi kikundi kilipofika pale, baba alisimama ukingoni amekunja mikono, akasema, "Hili bado lina neno." Wazee wakaheshimu. Mzee Agapiti akaja mara kwa mara, wakanywa uji, wakazungumzia mvua, wakazungumzia ndama, na baba hakusema lile la "mmekuja kwa shimo langu." Alizungumzia mvua tu. Basi tukazungushia miiba. Boaz akatunga sheria kwamba timu ikipata kona upande ule itapigia upande wa pili, na mpira ukitumbukia duarani hakuna atakayeufuata, ni goli la Mungu, tunaanza upya. Tulicheka pia. Sisi tunacheka sana kijiji hiki.

Halafu ikatokea siku ya Luka.

Luka ana miaka sita. Sheria za Boaz hazijui. Mama alikuwa anaanua michembe, akatazama kiwanjani, akaona miguu miwili midogo imetokeza chini ya miiba. Luka alikuwa amelala kifudifudi, kifua chake kimeshapita ukingo, mkono mmoja ndani, anautafuta mpira wa makaratasi. Mama hakupiga kelele. Angepiga kelele mtoto angeshtuka. Alitembea polepole, kama mtu anayekwenda kumsalimia jirani, akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Luka, njoo ule matobolwa, njoo kabla dada yako hajamaliza. Njoo, baba, rudi kinyumenyume. Yana karanga." Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilikuwa naona kisogo chake tu, na kisogo chake kilikuwa kinatetemeka ingawa sauti haikutetemeka. Luka akarudi kinyumenyume. Akauliza karanga ziko wapi. Hazikuwepo.

Mama akanikataza nisimwambie baba. Nikatii. Nikaona niandike.

Ndiyo hotuba hii. Nimeiandika siku nyingi, mezani nyumbani, na kila niliposikia buti za baba uani niliifunika kwa ungo wa michembe nikajifanya nachambua. Nyayo za baba nazijua. Buti lake la kulia limepasuka, linavuta pumzi. Juzi mchana nikazisikia tena zinakuja mlangoni, pumzi, hatua, pumzi, hatua, nikashika ungo, na mkono wangu ukachoka. Sina namna nyingine ya kueleza. Haukuwa ujasiri. Nilichoka kuficha. Nikauacha ungo ulipokuwa, karatasi zikabaki mezani, wazi.

Baba akaingia. Akasema, "Unaandika nini, ng'wanone, mwanangu?"

"Hotuba, baba."

"Ya nani?"

"Ya kwangu. Ya Jumamosi."

"Wewe?" Akavua kofia. "Wewe ambaye ukitumwa chumvi unarudi bila chumvi kwa sababu dukani kulikuwa na watu?"

Akavuta kigoda, akakaa, akasoma. Baba husoma kwa kidole, na midomo yake hutembea. Kidole kikafika kwenye sala. Kikarudi mwanzo wa mstari. Kikafika tena.

"Uliomba nisipate."

"Ndiyo, baba."

"Kanisani kabisa."

"Ndiyo."

"Tumekaa benchi moja."

"Ndiyo, baba."

Kuku aliingia, akatoka. Kisha baba akasema, "Na mimi miaka yote nasingizia mwamba."

Alicheka, au alikohoa. Kwa baba ni vigumu kutofautisha. Akaniuliza sababu, nikamwonyesha ilikoandikwa, kwa sababu kuisema nilishindwa. Alipomaliza kusoma habari za waliopanda basi, aliweka kidole pale, hakukiondoa. "Niende wapi mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa nachimba ili nikae. Nipate, nikae hapa mlangoni, mnione."

Wapendwa, nimeishi na baba yangu miaka yangu yote, na sikulijua hilo. Yeye alishuka chini ili siku moja aweze kukaa nasi. Mimi niliomba asipate ili asiondoke. Tulikuwa tunataka jambo moja, kila mtu kwa upande wake, na lile shimo katikati. Je, ni nyumba ngapi hapa ziko hivyo, na hakuna aliyeacha karatasi zake wazi?

Kidole kikaendelea. Kikafika kwa Luka. Hapo midomo ya baba ikaacha kutembea. Akaita, "Mama Paskazia." Mama akaja na mikono yenye unga.

"Hii ya Luka ni kweli?"

Mama akaniangalia mimi kwanza. "Ni kweli."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia," mama akasema, "ungesema tukipata utajenga ukuta."

Baba akazikusanya karatasi, akazigonga mezani ili zilingane, akanirudishia. Akasema, "Soma yote. Usiruke pangu." Akafika mlangoni, akageuka. Mheshimiwa, maneno yanayofuata ni yake, mimi nayanukuu tu, unisamehe. Akasema: "Jumamosi nitatupa koleo mwenyewe. Lakini nisipigiwe makofi. Sikushinda kitu. Na Diwani asije akanishika mkono tukapigwa picha tumeshika koleo moja kama maharusi wanakata keki."

Jana alishuka duarani kwa mara ya mwisho, akatoa magogo yake yaliyokuwa yakizuia kuta, moja moja, akayapanga uani. Alisema magogo ni mazuri, hayazikwi. Leo amekuja. Amekaa mstari wa nyuma, karibu na waendesha bodaboda, na koleo liko kati ya magoti yake. Msigeuke kumwangalia, tafadhali. Nawaomba. Charles, geuza shingo.

Madam Ritha, bado sina jibu la swali lako, na mwezi wa kumi na moja nitafanya mtihani wangu wa kidato cha nne bila kuwa nalo. Ila nimefika mahali fulani. Nilikuwa nikidhani maana ya maisha ni kitu kilichofichwa chini, kinangoja mwenye bahati akikute. Sasa nadhani, na unisahihishe kama nimekosea, kwamba maana tunaibeba sisi, ndoo kwa ndoo, tunaimwaga mahali penye shimo, na haionekani kitu mpaka siku moja mtoto anapita pale anakimbia bila kuangalia chini. Zile Jumamosi zetu, na udongo ulioogeshwa, na uji wa kuzungumzia ndama, na mama anayeita kwa sauti isiyotetemeka: kama hayo si maisha yenyewe, basi mimi sitaki kuletewa mengine.

Mheshimiwa Diwani, ratiba inasema baada yangu unakwenda kukata utepe. Naomba, kwa heshima zote, utepe ungoje kidogo. Kwanza twende wote kwenye kona ile. Desturi yetu ni ngoma na vigelegele, na leo naomba tuviache. Wapiga ngoma, mikono chini. Mama zangu, najua mnavyojisikia, zuieni. Mpiga picha wetu, kamera ipumzike. Mama amenionya kwamba makofi yakilia baba atageuka na koleo lake arudi nyumbani, na mama anamjua. Kwa hiyo kona ya nne ya kiwanja hiki, na kifua cha mdogo wangu Luka, viko mikononi mwenu, katika mikono ambayo naomba isigongane.

Atatupa koleo moja. Duara ni refu, udongo utachukua muda kufika. Tunyamaze wote, wakubwa kwa wadogo, mpaka tuusikie umegonga chini. Ukigonga, kila mwenye nguvu achukue koleo aungane naye, asibaki peke yake pale hata kidogo.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu mpaka hapa. Nikishuka, naomba na mimi msinipigie makofi. Nitapita katikati yenu kwenda mstari wa nyuma, kumwambia baba kwamba tuko tayari.